Namna ya Kukadiria Umri wa Mti kwa Pete za Shina katika Ukanda wa Ziwa Victoria

Anayehesabu pete za kisiki kilichokatwa Mwanza na kuzitangaza moja kwa moja kuwa ni miaka yuko katika hatari ya kuuzeesha mti huo karibu mara mbili. Kanuni ya pete moja kwa mwaka, ambayo wengi tulifundishwa shuleni, imetoka katika nchi zenye baridi kali, ambako mti husimama kukua mara moja kila mwaka na huanza tena majira ya joto yanaporudi. Huku kwetu hakuna baridi ya kuusimamisha mti. Kinachousimamisha ni ukame, na ukame wa kanda hii hauji mara moja tu.

Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Mvua za vuli huanza Oktoba na kushika kasi Novemba na Desemba, hupungua Januari na Februari, kisha masika hurudi Machi hadi Mei kabla ya kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba. Kwa hiyo mti unaweza kusimama kukua katikati ya mwaka na pia kupunguza mwendo mwanzoni mwa mwaka, na kila kituo kikaacha alama yake katika mbao. Migunga iliyochunguzwa sehemu mbalimbali za Afrika ilionesha jambo hilo wazi: penye msimu mmoja wa mvua iliweka pete moja kwa mwaka, na penye misimu miwili ikaweka mbili. Mninga wa Tabora, ambako mvua huanza Novemba na kuisha Aprili kwa mkupuo mmoja, unasomeka kwa urahisi kuliko mti uliokua Magu au Ukerewe. Bukoba ni kugumu zaidi, kwa sababu mvua yake ni karibu maradufu ya ile ya Mwanza na mti hauoni kiu ya kutosha kuacha alama.

Kwa sababu hiyo, kazi yote inayofuata ina sehemu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni kuhesabu pete kwa uaminifu. Ya pili ni kujua, kwa aina ile ya mti na mahali pale ulipoota, pete moja ni sawa na muda gani.

Kuchagua mti unaosomeka

Mti hunenepa kutokana na kambiamu, yaani tabaka jembamba la chembe hai lililo kati ya gome na mbao. Maji yanapokuwa mengi, kambiamu hutoa mbao yenye matundu makubwa au chembe pana. Yanapopungua, hutoa mbao iliyoshikana na yenye rangi nzito. Mpaka kati ya mbao nzito ya mwisho wa msimu na mbao nyepesi ya msimu unaofuata ndio pete.

Miti haifanani katika kuuonesha mpaka huo. Msonobari, uliopandwa kwa wingi katika mashamba ya serikali ya Buhindi na Rubya, ndio mwalimu mzuri kwa anayeanza, kwa kuwa ukanda wake mweusi huonekana hata kwa macho matupu. Mtiki na mninga hufuata. Migunga mingi huonesha mstari mwembamba mweupe unaozunguka shina zima, lakini mstari huo unahitaji lenzi. Mwembe, mwarobaini na mkaratusi ni wagumu, na mtu asijilaumu akishindwa kuisoma. Minazi, michikichi na mivumo haina pete kabisa, kwa sababu shina lake halinenepi kwa kambiamu.

Kuna kundi moja linalodanganya zaidi kuliko yote, nalo ni la miti yenye mistari mingi ambayo si pete. Mjohoro ukikatwa huonesha mistari myeupe na myeusi iliyopangika vizuri mno, kiasi kwamba mgeni huanza kuhesabu kwa furaha; mkuyu na mvule nao wana mistari ya namna hiyo. Hiyo ni mikanda ya chembe laini za kuhifadhia chakula cha mti, na mikanda mingi huweza kutengenezwa ndani ya msimu mmoja. Namna ya kuitofautisha ni kuufuata mstari mmoja kwa ncha ya penseli kuzunguka shina: mkanda wa chembe laini hukatika, hugawanyika au huungana na jirani yake baada ya sentimita chache, ilhali pete ya kweli huendelea hadi kurudi ulikoanzia.

Mahali mti ulipoota pana uzito uleule. Mti ulioota ukingoni mwa ziwa, mizizi yake ikiwa majini mwaka mzima, hauna habari na kiangazi na pete zake huwa hafifu au hazipo. Mti ulioota juu ya mawe ya Capri Point au kilima cha Bugando mjini Mwanza, kwenye udongo wa kiganja kimoja juu ya jabali, husikia kila upungufu wa mvua. Pete zake huwa nyembamba na kali. Ndiyo maana unene pekee si ushahidi: mgunga mwembamba wa mlimani unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mgunga mnene wa bondeni uliokuwa ukila mbolea ya zizi.

Kupata kipande na kukiandaa

Mti haukatwi ili kujua umri wake. Uvunaji unasimamiwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 na unahitaji kibali, na zaidi ya hapo vipande vipo tele bila kugusa mti ulio hai: visiki vya miti iliyoondolewa kupisha barabara na nguzo za umeme, miti iliyoangushwa na upepo, mabaki ya viwanda vya kupasua mbao, na vipande vinavyotupwa na mafundi wa mitumbwi. Ubao uliokwisha kupasuliwa una pete pia, lakini husomwa kwenye ncha yake na si kwenye ubapa, na mara nyingi hauna kiini wala gome, kwa hiyo unafaa kwa mazoezi tu.

Kwa mazoezi, kitu kizuri na rahisi kuliko vyote kiko jikoni. Chukua pande la mkaa lililotokana na tawi nene, livunje kwa kukata nyuzi zake na si kwa kuzifuata, kisha ligeuze chini ya mwanga wa jua unaokuja kwa upande. Matundu ya maji huonekana wazi bila msasa wala wembe, na katika aina nyingi za mbao mipaka ya pete hujitokeza kama mistari inayong'aa. Mkaa husinyaa unapochomwa, kwa hiyo hauaminiki kwa vipimo vya unene, lakini hesabu ya pete haibadiliki. Gunia moja lina aina kadhaa za miti, na nusu saa ya kuyavunja mapande inamfundisha mtu mengi kuliko maelezo marefu, ingawa mwenye mkaa anaweza kuwa na maoni tofauti.

Kwa kazi yenyewe, kata kisahani cha gogo chenye unene wa sentimita 5 hadi 8, kiwe kimekatwa sawa na si kwa mshazari. Kabla hakijaondolewa mahali pake, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika tarehe, aina ya mti, kimo kutoka ardhini na upande wa kaskazini. Kikaushe kivulini polepole; kikiwekwa juani hupasuka kutoka kiini hadi gome, na ufa huo hupita palepale unapotaka kuhesabu. Usilibandue gome, kwa sababu ndilo linaloonesha kwamba pete ya mwisho ipo.

Kipande kikishakauka, kipigwe randa, kisha msasa kuanzia namba 80, halafu 120, 220, na mwisho 400. Wengi huishia 120 wakiona uso umekuwa laini kwa kidole. Macho yanataka zaidi ya kidole: alama za msasa mkali huonekana chini ya lenzi kama pete za bandia. Kwa mbao ngumu kama mninga, wembe mpya ukipitishwa juu ya ukanda mwembamba uliolowanishwa kidogo hutoa uso safi kuliko msasa wowote. Mahali ambapo pete hazionekani, paka unga wa chaki nyeupe na kuufuta kwa kitambaa. Unga hubaki ndani ya matundu na mpangilio wake hujitokeza.

Kuhesabu

Chora kwa penseli mistari minne kutoka kiini hadi gome, ikiepuka mafundo ya matawi, nyufa na makovu. Hesabu kuanzia kiini kwenda nje katika kila mstari. Tia nukta moja kila baada ya pete kumi, nukta mbili kwenye pete ya hamsini, na tatu kwenye ya mia. Ndivyo wanavyofanya wataalamu, na faida yake ni kwamba ukipotea huanzi upya.

Mistari minne karibu kamwe haitoi idadi moja, na hapo ndipo kazi inapoanza. Fuata pete ya kumi ya mstari wa kwanza kuzunguka shina hadi mstari wa pili. Ikikutana na nukta ya kumi ya huko, endelea na ya ishirini. Isipokutana, kosa liko kati ya kiini na nukta hiyo, na lina sababu mbili za kawaida. Huenda pete moja imefifia upande mmoja, kwa kuwa katika mwaka mbaya mti unaweza kukua upande wenye maji na kusimama upande mwingine. Au huenda umehesabu pete ya uongo, iliyotokana na mapumziko mafupi ya mvua ndani ya msimu. Katika msonobari pete ya uongo hutambulika kwa kingo zake: rangi nzito huanza taratibu na kuisha taratibu, wakati pete ya kweli huanza taratibu lakini hukatika ghafla upande wa nje.

Mti ulioinama, kama ilivyo mingi inayopigwa na upepo wa ziwa, huwa na kiini kilichosogea upande mmoja. Msonobari huweka mbao nene upande wa chini wa mwinamo, na miti ya majani mapana huiweka upande wa juu. Idadi ya pete inabaki ileile pande zote. Hesabia upande mpana ambako pete zina nafasi, kisha thibitisha upande mwembamba.

Pete moja ni muda gani

Njia ya uhakika kuliko zote ni kutafuta mti wa aina ileile, kwenye udongo unaofanana, ambao mwaka wake wa kupandwa unajulikana. Shule, makanisa, misikiti na zahanati nyingi zina miti iliyopandwa kwa sherehe, na mara nyingi tarehe imeandikwa kwenye jiwe au katika kitabu cha kumbukumbu. Tuseme mgunga uliopandwa shuleni mwaka 1998 umekatwa mwishoni mwa 2023 ukiwa na miaka 25, na pete zake ni 45. Hiyo ni pete 1.8 kwa mwaka. Haikufika 2 kwa sababu kuna miaka ambayo Januari na Februari zilinyesha vya kutosha na mti haukusimama. Mgunga wa jirani usiojulikana umri, wenye pete 81, ungekuwa na miaka 45. Mti wa pili wa kulinganishia ukitoa pete 1.6 kwa mwaka, makadirio yanapanda hadi miaka 51. Jibu la kuandika basi ni kati ya 45 na 51, na si wastani wake.

Penye upungufu wa maandishi, waulize wazee, lakini usiwaulize mwaka. Watu hukumbuka matukio, na matukio makubwa ya kanda hii yana tarehe: mvua kubwa za 1961 zilizofuatwa na kupanda kwa ziwa kwa zaidi ya mita mbili, Operesheni Vijiji ya miaka ya kati ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

"Bibi, mlipohamia hapa wakati wa vijiji, mwembe huu mliukuta?"

"Hatukuukuta. Tulihamia mwaka sabini na nne, babu yako akaupanda yeye. Wakati wa vita vya Amini tulikuwa tumekwisha kula maembe yake."

Maneno hayo machache yamefunga mti ndani ya nafasi ndogo sana. Haukupandwa kabla ya 1974, na kwa kuwa mwembe wa kokwa huchukua angalau miaka kama minne kabla ya kuzaa, haukupandwa baada ya 1975. Kwa mwembe, ambao pete zake hazisomeki vizuri, ushahidi wa namna hii mara nyingi ndio wa pekee. Kwa mgunga au mtiki unakuwa kipimo cha kuipimia hesabu ya pete.

Asiyekuwa na mti unaojulikana wala mzee wa kumuuliza anaweza kutengeneza kipimo chake mwenyewe, mradi ana subira. Mtafiti Mfaransa Alain Mariaux alieleza mwaka 1967 namna ya kuufungua mti dirisha dogo: gome hukatwa kwa upana wa sentimita chache hadi kambiamu, na tarehe ikaandikwa. Jeraha hupona lakini kovu hubaki ndani ya mbao milele. Kovu jingine likitiwa pembeni mwaka unaofuata, tarehe ileile, pete zilizo kati ya makovu mawili ndizo pete za mwaka mmoja, bila ubishi. Ninaipenda njia hii kuliko hesabu zote, kwa kuwa haihitaji kifaa cha bei, na chuo au shule ya sekondari yenye msitu wake inaweza kuianza leo.

Miaka isiyoonekana kwenye kisiki

Hesabu ya pete katika kimo cha sentimita 30 haielezi muda ambao mche ulichukua kufikia kimo hicho. Kwa msonobari wa shambani ongeza mwaka mmoja au miwili. Kwa mninga wa porini mambo ni tofauti kabisa: mche wake hukauka juu kila kiangazi au huunguzwa na moto, ukabaki mzizi tu chini unaonenepa, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka kadhaa, hata kufikia kumi, kabla shina moja halijafanikiwa kupanda. Miaka hiyo haina pete. Vivyo hivyo mti uliochipua upya kutoka kisiki cha zamani, kama ilivyo mingi katika ngitili za Usukumani, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, hutoa umri wa shina lililopo na si wa mzizi.

Shina lenye uvungu linakadirika likiwa bado na mbao nzima ya kutosha. Pima kutoka gome hadi katikati ya uvungu. Kama ni sentimita 24, na mbao nzima ni sentimita 15, zimepotea sentimita 9, sawa na milimita 90. Ikiwa pete kumi za ndani zinazoonekana zimechukua milimita 45, zilizopotea zingekuwa 20. Lakini mti mchanga hukua upesi kuliko mzima, kwa hiyo pete zake zingeweza kuwa na milimita 6 kila moja na kufanya 15 tu. Ongeza 15 hadi 20.

Kwa mti uliosimama na usiopaswa kuguswa, pima mzingo wake kwa utepe kwenye kimo cha mita 1.3. Mzingo wa sentimita 157 ukigawanywa kwa 3.14 ni kipenyo cha sentimita 50, yaani nusu kipenyo cha 25; toa unene wa gome, tuseme sentimita 1.5, zinabaki milimita 235. Kisiki cha jirani cha aina ileile kikionesha ukuaji wa milimita 5 kwa mwaka, mti huo una takriban miaka 47. Wataalamu hutumia pia keekee yenye bomba tupu inayotoa kijiti chembamba cha mbao kutoka gome hadi kiini. Kifaa hicho ni ghali, kinaweza kuvunjika ndani ya mbao ngumu, na kinaacha tundu la kupitisha ukungu. Usikitumie kwenye mti wa matambiko au wa kivuli cha kijiji kwa udadisi tu.

Mbuyu uachwe nje ya mbinu hizi zote. Shina lake huwa na uvungu na pete zake haziaminiki, hivyo umri wake hupimwa maabara kwa kaboni ya mionzi. Ndivyo mbuyu wa Grootboom nchini Namibia ulivyopatikana kuwa na takriban miaka 1,275.

Kulinganisha kipande na kipande

Mnajimu wa Marekani Andrew Ellicott Douglass, aliyeanza kuchunguza pete mwanzoni mwa karne ya 20 akitafuta alama za mabadiliko ya jua, alitambua kwamba miti ya eneo moja huandika miaka mibaya kwa mpangilio uleule. Mpangilio wa pete nyembamba na nene ukilandana katika vipande viwili, tarehe ya kimoja inakipa tarehe kingine. Kwetu mbinu hii ni ngumu zaidi, lakini miaka michache inastahili kutafutwa: ukame wa 2005 na 2006, uliokwenda sambamba na kushuka kwa kina cha ziwa, na mvua nyingi za mwishoni mwa 2019 hadi 2020. Hesabu kutoka gome kwenda ndani ukitumia kiwango chako cha pete kwa mwaka. Kundi la pete zilizobanana likiangukia karibu na 2006 katika vipande kadhaa vya mlima mmoja, kiwango hicho ni sahihi. Likiangukia 1990 au 2015, rudi kwenye mti wa kulinganishia.

Matokeo yaandikwe nyuma ya kipande chenyewe na kwenye daftari: aina ya mti, mahali, kimo cha mkato, idadi ya pete kwa kila mstari, kiwango cha pete kwa mwaka na kilikotoka, miaka iliyoongezwa na sababu yake, kisha umri kwa kiwango cha chini na cha juu. Kipande kihifadhiwe pakavu, mbali na mchwa, ili atakayetilia shaka aweze kukihesabu upya.